Zamu ya Maji Jabal Akhdar

Juma hili nataka tupande Jabal Akhdar, ndani ya Omani, mlima ambao watu wengi wa Unguja na Pemba wamelisikia jina lake kwa babu zao bila kuuona. Tutazame vijiji vyake vidogo, vile vilivyoning'inia ukingoni mwa genge, na watu wanavyoishi humo. Na niseme mapema kilichonivuta kuzungumza habari hizi: kule juu maji yana wenyewe, na wenyewe hao wengi hawaishi kule.

Jabal Akhdar ni sehemu ya milima ya Hajar, ule mgongo wa mawe ya chokaa unaoitenga pwani ya Batina na Omani ya bara. Uwanda wa Saiq, uliopo juu ya mlima, uko mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Julai, Mskat inapoungua, mtu wa Saiq analala kwa shuka na madirisha wazi. Ukija Januari, baridi yake inakaribia ile ya kugandisha maji. Kote uwandani kumetawanyika mitarakwa mikongwe, ndugu wa ile inayoota Usambara na milima ya Kenya.

Njia ya kupandia inaanzia Birkat al-Mouz, mji wa mitende na ndizi ulio chini kabisa ya mlima. Hapo pana kizuizi cha polisi. Askari haulizi kabila lako wala safari yako, anaangalia gari: kama halivuti kwa magurudumu yote manne, geuza. Lami yenyewe ni ya juzi juzi tu. Kabla ya barabara mtu alipanda kwa miguu na mzigo ukapanda kwa punda. Mgonjwa alishushwa kwa punda vilevile, kama atafika.

Ukisimama ukingoni mwa Wadi Muaydin unaviona vijiji vitatu: al-Aqr, al-Ayn na Shuraija. Nyumba zimebebana, paa la huyu ni uwanja wa yule, kisha chini yake yanaanza makonde ya ngazi. Kila konde limezungushiwa ukuta wa mawe, na udongo uliomo ndani ulibebwa mgongoni na watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Kuna konde kubwa la kutosha familia, na kuna jingine ukitandika mkeka wa watu sita kusali, limekwisha. Halafu shuka bondeni humohumo uone mazao yanavyobadilika. Juu, penye mita kama 1,900, kuna mikomamanga, miwaridi, fyulisi, aprikoti, na kitunguu saumu ambacho wapishi wa Omani wanakiulizia kwa jina la mlima wake. Mtende huko juu haukupi tende ya maana. Lakini ukishuka mpaka Masirat al-Ruwajah, mita 1,000 na ushei, uko katikati ya mitende. Bonde moja, baridi mbalimbali, na tangu zamani wa juu na wa chini wamekuwa wakihitajiana.

Sasa maji. Hapa naomba msikilizaji tukae kidogo, maana asiyeyaelewa maji ya Jabal Akhdar ataviona vijiji vile kama picha ya kalenda tu.

Mvua kule ni ya kubahatisha. Kinachowaweka watu hai ni falaj, mfereji unaotoa maji kwenye chemchemi au chini ya ardhi na kuyateremsha kwa mteremko wake wenyewe, bila pampu, mpaka kijijini. Omani ina aflaj, ndiyo wingi wa falaj, zinazofanya kazi kama 3,000. Tano kati yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mojawapo, Falaj al-Khatmeen, iko palepale Birkat al-Mouz. Ukifika hapo usikimbilie kupiga picha ngome. Nenda mahali maji yanapogawanyika. Mfereji mmoja unaingia, mitatu inatoka, na kila mmoja unapata theluthi sawa. Mafundi waliojenga hivyo hawakuwa na mita ya kupimia maji. Wenyeji wanasimulia kwamba Nabii Suleiman alipita nchini na majini yake yakachimba aflaj 10,000 kwa siku kumi. Mimi nawaachia wenyeji hadithi yao, ila hesabu ile ya theluthi inaonyesha kazi ya mkono wa mtu aliyepima, akakosea, akapima tena.

Maji yakishafika kijijini, yanatumika kwa utaratibu. Kwanza ya kunywa, mfereji ungali safi. Kisha msikiti na birika la kutawadhia. Kisha mahali pa kuogea na kufulia, wanawake kwao na wanaume kwao. Baada ya hapo ndipo yanapoingia mashambani, na mashambani nako miti ya kudumu inatangulia, mazao ya msimu yanafuata. Mwaka wa ukame, vitunguu saumu, shayiri na majani ya mifugo ndivyo vinavyokatwa, ili mkomamanga uokoke. Mkulima anaacha konde la msimu likauke, na jirani hamshangai.

Huku mashambani maji yanagawanywa kwa muda. Kipimo chake kinaitwa athar, nusu saa hivi. Mtu anamiliki athar moja, mwingine tatu, mwingine sehemu ya athar, na mzunguko ukikamilika zamu inarudi kwa wa kwanza. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, mawe yakiwa alama. Usiku walipima kwa nyota, zinavyochomoza nyuma ya kilele fulani au ukuta fulani. Kilimia, ile ambayo mkulima wa pwani yetu ameijua tangu zamani, nayo imo katika orodha yao. Mtafiti wa maji Harriet Nash aliwakuta watu katika vijiji vichache vya Omani ambao bado wanagawa maji kwa kutazama nyota. Kwingine saa ya mkononi imechukua kazi, na siku hizi simu. Muda ukifika, jiwe lililofungwa tambara linang'olewa kwenye tundu la huyu na kuziba la yule. Teknolojia yote ya kufungulia maji ni hiyo: jiwe, tambara, na mtu aliye macho.

Juu ya mambo hayo kuna wakili, anayesimamia falaj yote, na chini yake yuko arifu anayejua zamu ni ya nani. Kuna zamu zisizo na mtu, nazo ni mali ya falaj yenyewe au wakfu wa msikiti. Hizo hunadiwa mbele ya watu, kama unavyonadiwa mnazi wa wakfu kwetu, na fedha yake ndiyo inayozibua mfereji ukiziba na kuujenga ukibomolewa na mafuriko. Ndiyo maana mfereji unaweza kudumu karne nyingi bila kumngoja waziri. Una mfuko wake wenyewe.

Msikilizaji wa Upare ameshaanza kutabasamu. Yeye ana ndiva, lile bwawa la kukinga maji usiku ili yafunguliwe asubuhi, na mzee wake wa kugawa zamu. Mchaga naye ana mifereji yake na baraza lake la mfereji. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Omani maji yamekuwa milki kamili, mbali na ardhi. Unaweza kuuza konde ukabaki na maji, au kukodisha maji ukalima. Na kwa kuwa ni milki, yanarithiwa kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu: mtoto wa kike ana fungu lake, mjane ana fungu lake. Kumbe kuna wanawake waliolala zao Mskat ambao usiku huu, mlimani, dakika zao zinapita mferejini.

Nilimkuta mzee mmoja kando ya mfereji, kanzu ameikunja mpaka magotini, kilemba kimekaa upande. Nikamwamkia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Akanitazama, akaniuliza kwa Kiunguja safi, "Wewe mtu wa wapi, baba?" Nikasema shikamoo. "Marahaba. Basi sema Kiswahili, usijitese." Alizaliwa kwetu, akaja kwao akiwa kijana. Nikamuuliza habari za maji yake. Akasema, "Nimerithi nusu saa. Wanangu saba. Nikifa, huyo wa mwisho akikohoa tu, zamu yake imekwisha."

Alikuwa akifanya mzaha, lakini jambo lenyewe ni zito. Mirathi inagawa, na dakika hazizai. Kwa hiyo watu wanakodishana, mmoja anawakusanyia ndugu zake wote fungu, wanamwachia alime, nao wanapelekewa makomamanga msimu ukifika. Kijiji kinakuwa kama ushirika ambao wanachama wake wametawanyika, na kinachowafunga pamoja ni daftari la zamu.

Kule kutawanyika hakukuanza na lami. Bani Riyam, kabila kubwa la mlima ule, wametoa watu waliovuka bahari kwa majahazi vizazi na vizazi, na ndiyo maana ukitembea Unguja na Pemba hukosi kukutana na Riyami. Wengi wao hawakuja kutawala mtu. Walikuja kwa sababu ya njaa na ukame, wakafungua viduka shambani, wakachuma karafuu, wakaoa, wakazikwa kulekule. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, safari ikageuka. Watu walirejea nchi ambayo watoto wao hawakuijua hata lugha yake.

Kati ya safari hizo mbili ilipita vita. Mwaka 1957, Imamu Ghalib bin Ali, kiongozi wa Omani ya bara, nduguye Talib, na Suleiman bin Himyar, sheikh wa Bani Riyam, walipanda Jabal Akhdar baada ya kushindwa na majeshi ya Sultani Said bin Taimur yaliyosaidiwa na Waingereza. Mlima ukawahifadhi. Ndege za Uingereza zikashambulia vijiji, na mashamba na mifereji ya maji navyo havikusalimika. Januari 1959 makomando wa Kiingereza wa SAS walipanda usiku kwa njia ambayo haikuwa na walinzi wa kutosha, na mambo yakaisha. Viongozi walikimbilia Saudia. Wanahistoria wa kijeshi hupenda sana kusimulia usiku ule wa kupanda. Mimi huwa najiuliza habari za asubuhi iliyofuata, za mtu aliyerudi kwenye konde lake akakuta ukuta umeanguka na udongo wa babu zake umeteremka bondeni. Huyo alianza na kipi, mawe au maji? Kwa utaratibu niliokueleza, alianza na maji.

Sasa nikupeleke al-Ayn mwezi wa Aprili, msimu wa mawaridi. Unaanza mwishoni mwa Machi na kwisha katikati ya Mei, basi. Wachumaji wanaingia makondeni alfajiri, kabla jua halijalipiga ua, kwa kuwa jua likishapanda harufu inapungua. Ua linakatwa kwa vidole na kutupwa kwenye nguo iliyofungwa kiunoni. Hakuna anayevaa glavu, na miiba haina huruma.

Nyumbani kuna jiko la udongo, matundu ya vyungu yamepangwa juu yake. Majani ya maua yanajazwa ndani ya chungu, juu yake linawekwa bakuli, na chungu kinafunikwa kwa chombo chenye maji baridi. Moto unapanda, mvuke unatoka kwenye maua, unagonga ubaridi wa juu, unadondoka bakulini tone kwa tone. Maji ya kifuniko yakipata moto yanabadilishwa. Saa zinapita, chumba kimejaa moshi, macho yanawasha, na bakuli moja bado halijajaa. Maji hayo ya waridi yakitoka yana rangi ya chai hafifu na kiharufu cha moshi. Hutiwa kwenye mtungi yakatulia wiki kadhaa kabla hayajatiwa chupani.

Siku hizi wapo wenye mitambo ya kisasa inayotoa maji meupe kama ya mvua, bila moshi. Watalii wanayapenda. Mimi, kama nina haki ya kuchagua, nipe yale ya moshi. Kahawa iliyotiwa tone la maji yale inajulikana imetoka wapi kabla hujaiweka mdomoni. Halua ya Nizwa nayo haikamiliki bila waridi. Na sisi wa pwani tunaojaza mrashi siku ya harusi tusijifanye wageni katika habari hii.

Kahawa nimeitaja, basi nitaje na mahali inaponywewa. Kila kijiji kina sabla, baraza la watu wote. Mgeni anafikia hapo, matanga yanawekwa hapo, ugomvi wa mpaka wa konde unamalizwa hapo. Tende kwanza, kahawa baadaye, na kikombe hukitikisi mpaka uwe umetosheka. Watu wa huku ni Ibadhi, na msikiti wao wa zamani hauna mbwembwe: chumba cheupe, mihrabu ya kiasi, mara nyingi hata mnara hauna. Siku za Idi nyama inafungwa kwa majani, inateremshwa katika tanuri la shimo, shimo la kijiji kizima, na inatolewa baada ya siku moja au mbili. Kila nyumba imeshaitia alama nyama yake. Siku hizo ndipo vijiji vinapojaa. Magari yenye namba za Mskat yanapangana mpaka kwenye kona, watoto waliozoea lifti wanapanda ngazi za mawe wakihema.

Baada ya Idi wanaondoka. Wapo wanaosema kwa hivyo kijiji kimekufa, na ushahidi wao ni Wadi Bani Habib. Huko nyumba za mawe na udongo zimebaki tupu tangu wenyewe walipohamia nyumba mpya zenye barabara na umeme. Paa zimeanguka, milango ya mbao imebaki imesimama bila nyumba. Waandishi wa safari hulia sana wakifika pale. Lakini hebu wateremshe macho kidogo, watazame chini ya magofu. Bustani ziko hai. Makomamanga yanavunwa kila mwaka, kuanzia mwisho wa Agosti hivi, na wanaoyavuna ni watu wa nyumba zilezile. Waliacha kuta, hawakuacha zamu. Mimi siwezi kumlaumu mama aliyechoka kupandisha mtungi wa maji ngazi mia, eti kwa sababu nyumba yake ilipendeza kwenye kamera.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Wa kwanza ni wa hali ya hewa. Fyulisi na aprikoti haziwezi kuzaa vizuri zisipopata saa za kutosha za baridi wakati wa kulala kwake. Mwaka 2009 Eike Luedeling na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika bonde hilihili, ukiwemo upimaji wa joto vijijini, na wakaonyesha kwamba saa hizo zinapungua. Mti wa Masirat al-Ruwajah unaweza kupandishwa Shuraija ukafuata baridi. Wa Shuraija utapandishwa wapi? Juu yake kuna uwanda, na uwandani sasa kuna hoteli za anasa, zenye mabwawa ya kuogelea yanayotazama makonde yaliyokauka kwa kukosa maji. Sisemi bwawa ndilo lililokausha konde, kwa kuwa ukame nao upo. Nasema tu kwamba katika utaratibu wa falaj, mahali pa kuogelea hapakutajwa.

Wasiwasi wa pili ni wa watu. Nilimuuliza yule mzee, zamu yake ikiangukia usiku, nani anaamka kufungua maji. Akamwita kijana aliyekuwa akipogoa miwaridi konde la chini. Kijana wa Bangladesh, kofia ya kijani, Kiarabu chake cha mlimani kabisa. Yeye ndiye anayejua tundu lipi ni la nani, jiwe lipi linavuja, na mti gani hauvumilii kukosa zamu moja. Anawafungulia maji watu wa nyumba nyingi, mzee huyu na wengine, na mishahara inachangwa. Makonde mengi ya Omani leo yanalimwa na watu wa Bangladesh, India na Pakistani, na bila wao zamani yangekuwa mawe matupu. Lakini kijana huyu hana konde wala dakika moja ya maji kwa jina lake. Watoto wa mzee wana dakika, ila wakishushwa mferejini usiku hawatajua waanzie wapi.

"Mkataba wake ukiisha?" nikauliza.

"Ataenda kwao kuoa," mzee akasema. "Nimeshamwambia, kabla hajaondoka amfundishe nduguye. Nduguye anakuja mwezi wa tatu, kabla ya mawaridi."

"Na wanao?"

"Wanangu wanakuja Idi."